Maua mu Telefone ya Mama

Ruashi, siku ya tatu, kisha mvula

Kwa Yaya Huguette, kule Sakania,

Pokea salamu ya mudogo yako Ruphin, muntu mwenye jua ya Lubumbashi inamuombaka ruhusa mbele ya kutoka. Sidanganyi. Uliza mu avenue yetu yote, batakuambia: nani alibeba mifuko mbili ya sima ya kujenga ku bega moya, na ule mukono ingine akashika muhindi ya kuchoma anatafuna? Nani alifukuza imbwa ya bapolisi paka na macho tu? Nani aliacha masomo mu troisième, si juu ya bujinga, lakini juu balimu balianza kumuogopa? Ni miye. Mungu aliniumba siku yenye alikuwa na wakati mingi.

Sasa, Yaya, mbele ya mambo yote, uko namna gani? Na shemeji, na batoto, na ule mudogo mwenye alikuwa anakohoa sawa kamio ya zamani? Ule mugongo yako yenye ilikuwa inakusumbua juu ya kubeba mizigo ku mupaka, ilipoa? Siye huku tuko wazima. Mama anakula, anasali, anatukana bantu, ni kusema afya yake iko muzuri sana. Nkuku yake moya ilikufa, lakini ilikuwa muzee na roho yake ilikuwa mubaya, hakuna mwenye alilia.

Utajiuliza juu ya nini Ruphin, muntu ya kisasa, anakuandikia ku karatasi. Ni juu telefone ya hii jamaa haina siri tena. Ukituma sauti, Mama anaifungua na nguvu yote katikati ya lupango, mule mu kiwanja, mpaka bajirani banaitika amina. Ukituma maandiko, Aristote anaisoma mbele yako. Hii karatasi naitia mu mukono ya dereva ya kamio mwenye anashuka Sakania kesho. Nilimuambia kama anaifungua, miye nitajua, juu miye najuaka yote. Tafazali isome mbele ya kupanda gari ya kuya huku siku ya Mungu. Na uisome yote, usikomee katikati sawa masomo yangu.

Basi, tuongee juu ya yaya yetu Aristote, ndugu yetu mukubwa. Unamujua. Iko na licence ya université, iko na biro mu ville, chemise yake inapigwa pasi mbele na nyuma na hata fasi yenye haionekani. Akikuya kwetu Ruashi siku ya Mungu, anakaa ku kiti sawa muntu mwenye anangoja kiti imuombe musamaha. Na nkuku ya Mama anaongea nayo Kifalansa. Njo yeye mwenye alituletea ile aplikasio. Weye pia alikutilia ku telefone yako kule Sakania, unaijua. Lakini haukuona sura yake siku yenye aliituonyesha. Alibeba telefone juu na mikono mbili sawa padri na kalisi. Alituambia ati kazi yote ya nyumba ya Mama itakuwa mule: matafari, ukuta, mabati, milango. Kila kazi na jina ya mwenye kuifanya, na kila kazi na mustari yake, yenye unavuta na kidole kutoka zero mpaka cent, ni kusema mia. Ati kila magaribi kila muntu avute mustari yake mpaka fasi kazi imefika, na rangi ya kijani imufwate. Ati tuache kusema “tunafanya, tunafanya”; tuseme tumefika wapi.

Miye nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilimuambia wazi: kwangu kazi iko na hali mbili tu, imeisha ao haiyaisha. Bukari ya soixante pour cent, sitini ku mia, ni uji. Train ya Sakania ikikutupa mu pori katikati ya njia, utapigia shemeji telefone ati nimefika cinquante, nusu ya njia, tayarisha mayi ya kuoga? Muntu akikuuliza kama umeoa, utamujibu ati niko quarante? Aristote akafuta mirori yake ya macho, akasema ati sielewi, ati ndugu mwenye iko mbali sawa Huguette anaomba kujua ukweli ya leo, na ati nusu yenye iko kweli inashinda nzima ya mudomo. Nikamuambia hiyo ni maneno ya bantu benye habamalizaka kintu. Nikamuuliza ule muchumba yake Plamedie, wa tangu zamani za mafuriko, mustari yake iko pour cent ngapi. Mama alicheka mpaka kitambaa ya kichwa ikaanguka. Nilimushinda, na ule siku nililala muzuri sana.

Lakini kulikuwa kintu moya. Juu ya kutuonyesha, Aristote aliandika kazi ya mchezo, “kununua kamba,” akavuta mustari mpaka mwisho. Pale pale telefone ikalia sawa kengele mudogo, na maua ya rangi yote ikaanza kuanguka kutoka juu mpaka chini ya kioo. Yaya, ungeona Mama! Mama hajuaki kusoma, lakini alikamata ile telefone na mikono mbili, akabaki kimya. Mama, kimya! Kisha akaomba ianguke tena. Aristote akamuambia ati maua haiangukaki bure, inakuyaka paka wakati kazi imeisha. Kuanzia ile siku, kila magaribi, Mama anafungua telefone, anaangalia ile mistari, anauliza maua yake iko wapi. Na akiuliza, ananiangalia miye. Juu matafari njo ya kwanza, na ku matafari jina ilikuwa yangu.

Usimulaumu. Unajua ile nyumba ya kupanga ginsi ilikuwa. Mvula ikinyesha kule inje, mule ndani pia inanyesha, paka na kuchelewa kidogo. Na mwenye nyumba alikuwa anasimama ku mulango anahesabu nani anaenda ku choo. Tangu baba alikufa, Mama hakuomba kintu ingine kwetu: ati mvula ya hii mwaka aisikie ikipiga ku mabati yake yeye. Basi.

Sasa tuende ku tanuru. Tuliijenga na Ngosa, ule muchoma-matafari wa nyuma ya mine ya shaba, mwenye tumbo yake inafikaka mbele ya sauti yake. Tulipanga matafari mabichi, moya juu ya ingine, mpaka ikapita kimo ya muntu, tukaacha midomo chini ya kutia kuni, tukaipaka matope inje yote. Weye unajua: moto inaanzaka chini, inapanda pole pole, tafari kwa tafari, mpaka ifike juu. Ikifika juu njo unafunga midomo, unaiacha ipoe.

Aristote akakuya kuangalia. Na viatu nyeupe, Yaya! Ku tanuru! Akamuuliza Ngosa ati moto iko pour cent ngapi. Ngosa alikuwa na kinywaji ya munkoyo mu kinywa, karibu aimwage. Akamujibu ati mutoto ya muntu, moto haikusoma, iko paka na njaa, enda utafute kuni. Nilianguka chini kwa kucheka. Lakini unajua Aristote, haonaki haya. Akazunguka tanuru, anagusa matope na kiganja, hapa anatoa mukono mbio, pale anauacha. Kisha akatoa chaki mu mufuko ya suruali. Chaki! Muntu wa namna gani anatembeaka na chaki? Akachora mustari ku matope, juu kidogo ya kifua yangu, kuzunguka tanuru yote, sawa anaipimia mukaba. Akasema moto imefika hapa. Chini matope ilikauka, juu ingali na mvuke. Soixante. Akavuta mustari ya telefone, akapangusa viatu na majani, akaenda.

Kesho yake Ngosa akaitwa ku matanga ya mujomba wake. Akaniachia tanuru. Akaniambia nitie kuni mpaka moshi ya juu ikuwe nyepesi na matope ya ku kichwa ipasuke, nisifunge mbele. Nilimuuliza kama anaona anaongea na mutoto. Akahesabu tena kuni mbele yangu, akaenda. Muzee huyu hana adabu.

Na ile siku, Mama akafanya kintu moya. Akaenda ku bomba ya mayi, akaambia bamama benzake ati nyumba inaenda muzuri, paka mutoto yangu Ruphin njo amekwama ku soixante. Amekwama! Mbele ya bamama bote ya avenue! Ile magaribi natoka ku tanuru, mweusi sawa chungu, batoto bakanifwata nyuma banaimba: Soixante, Soixante, mama yako anakuita! Soixante, kuni iko wapi! Miye, Yaya. Miye mwenye jua inaomba ruhusa. Naitwa Soixante na batoto benye makamasi ingali inafika ku mudomo. Hata bile bisichana bya ku bomba bikacheka bikafunika kinywa na kitambaa.

Basi kisha, kazi ya tanuru ikaisha. Nikafunga midomo na matope, nikanawa mikono, nikatoa telefone, nikavuta mustari mpaka cent. Na kidole moya tu. Kengele ikalia, maua ikaanguka, ku telefone yangu, ku yako kule Sakania, na ku ya Mama. Nilisikia vigelegele kutoka mwanzo ya avenue. Mama alitoka inje na telefone juu ya kichwa, anaionyesha kila muntu, hata mupita-njia mwenye alikuwa anatafuta njia ya kituo. Ile batoto bakatafuta fasi ya kujificha. Weye pia ulituma ile sauti yako ya furaha, unaimba mu lugha ya kule, Mama akaifungua mara mingi sana mpaka jogoo ya jirani ikaijua.

Na kesho yake asubuyi, mbele ya chai, Mama akaenda kwa mwenye nyumba, akamuambia atafute wajinga bengine ya kuloweka. Hakutuuliza hata moya. Maua ilianguka, kwake hapo nyumba ilisha kuisha, ilibaki paka kuisimamisha. Na mwenye nyumba, mbio sana, akatia pale bwana na bibi kutoka upande wa Likasi, na mbuzi yao. Mama akapanga vyungu vyake kwa jirani, ati ni ya siku kidogo.

Tanuru ikapoa. Tukaanza kuibomoa kutoka juu, sawa kila muntu, na kubeba matafari ku lupango yetu. Masson, fundi ya ukuta, akaanza na chumba ya Mama. Alikuwa anagonganisha matafari mbili, anasikiliza, anasema ati inalia sawa mbao, haiko inalia sawa kengele. Nilimuambia alikuya kujenga, hakukuya kupiga muziki. Akainua mabega, akajenga. Ukuta ikapanda mpaka madirisha, ikapita madirisha. Nilikuwa napita pale na mikono nyuma sawa injenieri. Mama alichagua tayari fasi ya kitanda.

Halafu mvula ikanyesha, mbele ya wakati yake, usiku kucha. Asubuyi ukuta ya chumba ya Mama ilikuwa imelala chini sawa ng'ombe ya kushiba.

Aristote akafika na gari ya biro. Nilingoja apige kelele, nilikuwa nimeshatayarisha majibu, majibu muzuri sana, ningependa uisikie. Hakupiga kelele. Akaokota tafari moya ya chini, akaifinya na kidole gumba. Kidole ikaingia. Kisha akatoa telefone, pale mbele ya Mama, akavuta mustari ya matafari kutoka cent kurudia soixante, na ya ukuta kurudia karibu na mwanzo. Mama aliona ile kijani inakimbia nyuma sawa nyoka inarudi mu shimo. Aristote akamuambia paka neno moya, ati Mama, tutaanza tena.

Yaya, unajua Mama yetu. Alisema ati mvula inaweza kuvunja ukuta, mvula ni ya Mungu. Lakini matafari yake iliisha, maua ilishuhudia, bantu bote baliona. Muntu mwenye anachukua na kidole kintu ya mujane yenye iliisha, huyu anatafuta kumunyanganya lupango. Akabeba vyungu vyake, hakuenda kwa Aristote kwenye kuko chumba ya bageni na matela mupya. Akakuya kwangu, mu kachumba kangu. Analala ku kitanda yangu, miye nalala ku mulango juu ya gunia. Aristote akipita kumusalimia, Mama anageukia ukuta. Na weye, Yaya, ukaona mistari kurudi nyuma ku telefone yako, ukatuma ile sauti. Mama aliifungua katikati ya lupango. Tulisikia bote: ati Aristote ni mwizi mwenye kravati, ati siku ya Mungu, kisha misa, utafika na mujomba yetu, mukae, mumunyanganye nyumba ya Mama na kuitia mu mikono ya Ruphin. Bajirani balikuya kunipongeza. Ile batoto sasa bananiita Patron.

Hapa njo nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi sana, siku nzima.

Jana Ngosa alirudi ku matanga. Tukaenda kumaliza kubomoa tanuru, kuangalia nini ilibaki. Matope ya inje ilikuwa ingali imesimama upande moya, na matafari kidogo ya juu nyuma yake, na chaki ya Aristote ilikuwa ingali pale. Mvula haikuifuta yote. Yaya, chini ya ile mustari, matafari nyekundu, ukiigonga inalia kengele mpaka meno inasikia. Juu ya ile mustari, kijivu, matope tu yenye iliona moto kwa mbali. Sawa muntu alikata mukate na kisu. Nilipima na macho, nikapima na mukono, nikatafuta tafari moya, moya tu, yenye itamuaibisha Aristote. Sikuipata. Ngosa akaanza kupanga zile nyekundu pembeni.

Na juu tanuru inabomolewaka kutoka juu, ile mabaya njo ilitoka ya kwanza. Njo ilienda chini ya ukuta ya Mama. Ile muzuri ilikuwa bado chini mu tanuru, inangoja.

Moto haikufikaka juu, Yaya. Na nilijua. Moshi ilikuwa ingali nzito, matope ya kichwa haikupasuka. Nilifunga midomo juu batoto balikuwa banangoja ku avenue, na sikuweza kupita tena na lile jina. Nilivuta ule mustari na moto ingali ku chaki ya Aristote. Maua ya Mama ilikuwa ya bongo, ya kudanganya, na mwenye kuipanda ni miye.

Aristote anajua. Ile aplikasio yake inaandikaka jina ya mwenye kuvuta na saa yenye alivuta. Alisha kuona mbele ya kufinya tafari. Hakumuambia Mama, na hakukujibu weye na matusi yako yote. Jana magaribi nilimusindikiza mpaka ku barabara, nikamuuliza juu ya nini ananyamaza sawa muntu ya kosa. Akaniuliza paka: weye, ya kumuambia Mama, uko pour cent ngapi? Nilitafuta tusi. Miye, Yaya, nilitafuta tusi mu kinywa yangu na sikuipata.

Basi usimulete mujomba kwa hukumu ya Aristote. Kama ni kumuleta, umulete kwa yangu. Na ukuye weye mwenyewe mbele ya misa, ukae karibu na Mama, juu mukono ya Mama ungali na nguvu na miye sikimbiaki mbele ya bantu. Matafari yenye ilibaki chini ya chaki inatosha chumba moya. Nilianza kuibeba leo. Ukiona mustari ya ukuta iko dix ku telefone yako, ni dix ya kweli, kumi bila bongo, niliuliza Aristote mbele ya kuvuta.

Salimia shemeji, ambia batoto mujomba yao anabakumbatia, na ule mudogo umupake vicks ku kifua. Kama kuko bashi ya plastiki kule ku mupaka, leta moya ya kufunika ukuta, mvula inakuya tena. Mama anakusalimia sana. Iko hapa nyuma yangu, amekaa ku kitanda yangu na telefone mu mikono. Kila magaribi ananiomba nimuonyeshe tena yale maua, juu, asema, mu batoto yake bote, Ruphin njo alinipa. Nakuandikia weye, naona nimefika cinquante. Ile nusu ingine iko inaniangalia.

Ni miye mudogo yako,
Ruphin, mwenye jua ya leo ilitoka bila kumuuliza.